Kwa Mwanangu Aliyepanda Mlima na Kikoi cha Kushona

Marahaba, mwanangu Mbaraka. Nakuitikia kabla hujaniamkia, maana najua huko Taita uliko, kwenye ukungu na baridi, shikamoo yangu huisahau hata siku moja.

Mjomba wako Hamisi alikuja jana. Alikaa kibarazani, akakataa chai, halafu akainywa. Amenituma kwako, na ujumbe wake nitakufikishia kwa maneno yake mwenyewe, lakini si sasa. Kwanza nataka tukumbushane, mimi na wewe, namna mambo yalivyoanza. Barua hii ninaiacha wazi, asomaye asome, kwa sababu yaliyokukuta hayakukukuta chumbani. Yalikukuta njia panda, mchana, mtaa mzima wa Mtongwe ukitazama. Wengi waliotazama hawajui walichokitazama.

Unakumbuka ulivyotoka hospitali? Ulitoka umefungwa kikoi cha marehemu baba yako, kwa kuwa suruali haikuweza kupita juu ya bandeji. Karai la mafuta ya moto lilikumwagikia kule jikoni ulikokuwa ukifanya kazi, likakuchoma kuanzia kiunoni hadi karibu na goti. Majirani waliokuja kukupa pole niliwaambia umeungua mguu kidogo. Ni wewe uliyetaka niseme hivyo. Una haya tangu udogoni. Ukioga ulikuwa ukifunga mlango wa bafu kwa komeo, kisha kwa kamba.

Ngozi ilipona, lakini ilipona vibaya. Ilikunjamana na kuwa nyembamba, na suruali yoyote, hata ile ya kitambaa laini niliyokushonea mimi mwenyewe, iliisugua mpaka ikatoa damu. Nilikuwa nikizifua suruali zako, nikiyaona madoa, nikinyamaza. Daktari akakuambia utembee, tena utembee kwa kupanda na kushuka, la sivyo ngozi itakaza na utachechemea maisha yako yote. Hilo ndilo lililokupeleka milimani. Watu wanadhani ulifuata starehe na picha.

Nyumbani ulikuwa ukivaa kikoi na hakuna aliyekusumbua. Hapa kwetu mwanamume hufunga kikoi chake akaenda dukani, akaenda msikitini, akakaa barazani kutwa nzima, na hakuna anayejua hata kilikuwa rangi gani. Mjomba wako, ndugu yangu wa tumbo moja, sikumbuki mara ya mwisho nilimwona na suruali lini. Kwa hiyo uliposema utapanda mlima na kikoi, sikukuonya. Mimi pia niliamini kikoi kinaweza kila kitu. Ni kosa letu watu wa pwani hilo. Milima tunaiona kwa mbali, tena tukiwa tumekaa.

Ulirudi kutoka vilima vya Kwale umekishika kikoi kwa mkono mmoja, pindo lote limeraruliwa na miiba, na Kioko nyuma yako anacheka mpaka machozi yanamtoka. Ndiyo siku niliyomjua Kioko, yule Mkamba mrefu, fundi wa malori kule Changamwe, mliyekutana naye kwenye kundi lenu la kupanda milima. Yeye ndiye aliyenisimulia, maana wewe ulikuwa umenuna. Mlifika penye jiwe kubwa la kupandwa kwa mikono miwili, na mkono wako mmoja ulikuwa na kazi ya kushika nguo. Upepo ukavuma. Ikabidi uachie jiwe au uachie kikoi, nawe ukaachia jiwe. Viwiko vyote viwili vilichubuka.

"Mama," Kioko akaniambia, "huyu haya yake itamuua."

Nilicheka naye. Baadaye, peke yangu, sikucheka.

Ndipo ukanionyesha kwenye simu zile picha za wanaume wa nchi za baridi, wanapanda milima na sketi zao zenye mikunjo, ndevu mpaka kifuani, magoti mekundu. Nilikuuliza kama mama zao wanajua. Ukasema mama zao ndio wanaowashonea. Sijui kama ni kweli, nadhani uliitunga pale pale, lakini ilinimaliza nguvu.

Nikachukua kitambaa cha kaki, kile ninachoshonea kaptura za wanafunzi, nikakupima. Tuligombana kuhusu mikunjo. Mimi niliitaka michache, wewe ukasema bila mikunjo mguu hauna nafasi ya kutanuka kwenye mawe. Hapo ulinishinda. Kwenye urefu nilikushinda mimi: nilikishusha mpaka chini ya goti, ili anayeijua sheria ya dini asipate pa kunikamatia. Nikatia mshipi wa ngozi, vifungo vya chuma ubavuni, mfuko wa kuingia chupa ya maji, na ndani bukta ya pamba, laini kuliko shuka. Ulipokivaa ulitembea uani, ukachuchumaa, ukainuka, ukapanda ngazi ya tangi la maji. Hukusema ahsante. Ulikaa tu kule juu ya ngazi, na mimi nikajua huumwi popote. Nimeshona magauni ya maharusi, Mbaraka, lakini hakuna nguo iliyonifurahisha kama ile.

Tukakiita kikoi cha kushona. Kioko alipokiona naye akakitaka. Yeye hana kovu wala kidonda. Alisema tu kwamba joto la mlimani linampika mapaja na jinzi zinamlemea. Nikamshonea, na kwa urefu wake kitambaa kilinimalizikia.

Balaa ililetwa na picha. Mlipigwa picha hiyo juu ya jiwe, wewe na Kioko, upepo umeinua mikunjo kidogo, nyote mnacheka. Mtu wa kundi lenu aliituma kwa nia njema, ikazunguka mpaka ikaingia kwenye simu za vijana wa maskani ya pale njia panda ya kuja kwetu. Maneno waliyoyaongeza chini yake sitayaandika. Unayajua, na kila anayesoma hapa anayajua. Mwanamume akishaitwa hivyo, hata kwa uzushi, anaweza kupigwa barabarani na watu wakapita na shughuli zao. Jirani ndiye aliyenionyesha. Na hao waliokuwa wakiicheka picha walikuwa wamekaa pale na kaptura za mpira zinazoishia katikati ya paja.

Mjomba wako akaitisha kikao hapa nyumbani baada ya sala ya Ijumaa. Alikuja amefunga msuli wake wa kijani, ule ulioshonwa ubavuni, akaketi, akauliza ni nani aliyekishona kitu kile. Nikamwambia ni mimi. Akasema msuli ni vazi la baba zetu, na hiki ni sketi. Nikamwuliza tofauti iko wapi, maana kama ni mshono, hata wake una mshono, na kama ni urefu, nilikishusha mwenyewe. Akasema tofauti kila mtu anaiona. Na kweli, hakuna hata mmoja pale aliyeweza kuitaja, na wote waliiona.

Halafu akakugeukia wewe, akapunguza sauti. Alisema amewasikia vijana wakiapa kwamba ukipita tena pale na nguo ile watakuvua. "Nami sitaweza kukutetea, Mbaraka. Nitasimama na hoja gani?"

Waliapa kukuvua. Hapo nilitaka kufungua mdomo, kwa kuwa neno moja la kovu lako lingetosha. Ulinitazama ukiwa umesimama mlangoni, ukatikisa kichwa. Wageni walipoondoka tuligombana vibaya, wewe na mimi, mpaka nikasema maneno ya baba yako ambayo sikuwa nimeyasema tangu afe. Lakini ulitaka nikuahidi kwamba sitasema, na nikakuahidi.

Jumapili iliyofuata nilikuomba utoke na kikoi cha kawaida, ukabadilishe mkishafika mbali. Ulinikubalia. Nilikuona ukikata kona ya njia panda umefunga kikoi chako kama mtu yeyote, kile cha kushona kimo mkobani, na vijana hawakuinua hata macho. Nikamshukuru Mungu, nikarudi kwenye cherehani. Kurudi kwenu sikukufikiria. Sikujua kwamba huko mlimani mwenzenu mmoja atateguka mguu, na kwamba utakichana kikoi chako umfunge.

Nilikuwa natia kola kwenye shati la shule niliposikia kelele. Kelele za mpira nazijua, na kelele za mwizi nazijua. Hizi zilikuwa za mwizi. Nilitoka na leso moja kichwani, viatu sikumbuki kama nilivaa.

Mlikuwa mmesimama, migongo imegusa ukuta wa duka. Mlikuwa wawili tu, na mbele yenu hakukuwa na pa kupita. Kioko alikuwa akivuja damu kwenye nyusi. Mjomba wako alikuwepo, pembeni, mikono nyuma, hajarusha kitu na hajazuia kitu. Nilipenya kwa viwiko. Kijana mmoja alikuwa ameushika mshipi wako, anavuta, na wewe umeshika mkono wake, mnahema. Nikafungua mdomo. Wallahi neno lilikuwa ulimini. Ukaniona, ukanikazia macho vile vile kama siku ya kikao, na mimi nikasita, na katika kusita kwangu vifungo vikafyatuka.

Nguo ikafunguka yote. Bukta ilikuwa imepanda juu kwa zile purukushani, na paja likawa nje. Wakaliona kovu, wekundu wake na weusi wake, limekunjamana kama utando juu ya maziwa. Yule kijana akauachia mshipi. Kelele zikakatika.

Nitakuambia kweli, mwanangu, kwa kuwa hatujapata kulizungumza: nilishukuru. Nilidhani yamekwisha.

Mjomba wako akaja mbele. Aliinua mkono wake, akasema kwa sauti ya kufika mpaka nyuma: "Huyu ana udhuru. Mwacheni. Mbaraka ana udhuru."

Neno hilo likawafungua vinywa. Pole, Mbaraka. Hatukujua, ndugu yetu. Ungesema. Mmoja akainama, akaokota kifungo chako mchangani, akakifuta kwenye shati lake, akakupa. Ni watu wale wale, Mbaraka, na dakika ile walikuwa wema kweli, sitaki kuwasingizia. Kisha mjomba wako akamgeukia Kioko, akamwuliza yeye ana nini.

Kioko angeweza kudanganya. Angesema ana upele, ana jipu, nani angemkagua? Akasema hana kitu. Alisema anapenda tu, mlimani kuna joto.

"Basi wewe vua," mjomba wako akasema. Watu wakasogea tena.

Nilikutazama nikitegemea utajifunika. Mtu yeyote angejifunika, sembuse wewe. Ukaenda ukasimama mbele ya Kioko, nguo inaning'inia mkononi, mguu wote nje, mbele ya watu waliokuona ukizaliwa. Ukamwuliza mjomba wako: "Na mimi nisingeungua, je?"

Mjomba wako akarudisha mikono nyuma.

"Mjomba, nauliza. Nisingeungua, mngenifanya nini?"

Aliangalia chini. Nami niliyekushonea nguo ile, niliyekuwa tayari kupiga kelele za kovu lako mpaka Likoni ferini, nilikuwa sijajiuliza swali hilo. Nilitaka uachwe, basi. Wewe ulikuwa unajua tangu siku ya kikao kwamba utaachwa wewe peke yako.

Sijui yangeishaje. Adhana ya alasiri iliadhiniwa, na watu wakapata sababu ya kuondoka. Waliondoka mmoja mmoja, wengine wakiangalia nyuma. Tulimchukua Kioko katikati yetu mpaka nyumbani, nikamwosha nyusi kwa maji ya chumvi. Alikuambia ungemwacha tu avue, kwani ni nguo. Ukamjibu kwamba ndiyo, ni nguo, ndiyo maana hakuna sababu ya kuivua. Mlicheka, lakini chai niliyokupa uliimwaga nusu.

Watu wanasema uliondoka kwa hasira. Mimi nilikuwa nawe nyumba moja, najua uliondoshwa na pole. Kila ulipokatiza maskani walisimama wakakupa kiti. Walikuuliza habari za mguu. Walikuwa wakinyamaza ukipita, kwa heshima kabisa, kama vile umefiwa. Ukaniambia siku moja, ukifunga mkoba, kwamba afadhali maneno ya kwenye picha, maana yale ungeweza kuyakasirikia. Ukaenda Taita kuwapandisha wageni milimani, na huko, ukaniambia kwa simu, kitu cha kwanza walichokuuliza ni nani fundi wako.

Sasa ujumbe wa mjomba wako. Nauandika alivyousema: "Mwambie Mbaraka arudi tusali Idd pamoja. Nimezungumza na vijana, hakuna atakayemgusa. Ana udhuru wake, avae atakavyo. Ila yule rafiki yake asije naye."

Nimefikisha. Usimchukie. Ndiye aliyekufundisha kuogelea, na alipokuwa akitaja jina lako jana alikuwa akikizungusha kikombe mkononi mpaka chai ikapoa. Amekukumbuka sana, na amefanya alichoona anaweza. Lakini nilimwuliza swali lako. Nilimwambia, Hamisi, mtoto alikuuliza na bado hujamjibu. Akavaa viatu.

"Dada, hilo tuliache," akasema.

Basi hatukuliacha, limekaa hapa nyumbani na mimi. Nashona nalo. Vile viwili vyenu vya siku ile, mlivyoniachia nilipowashonea vipya, nimeviosha na kuvianika kwenye kamba ya mbele, si ya uani, na juzi bati langu likapigwa jiwe. Sikutoka kuangalia ni nani. Niliogopa, Mbaraka, sitajifanya shujaa. Niliogopa mpaka nikazima redio nisikilize hatua za watu. Asubuhi nikavianika tena.

Na wewe, kwenye simu, unaniambia utakuja na suruali. Utaivaa tu kuanzia stendi mpaka nyumbani, ili mimi nisiwe na wasiwasi. Damu kidogo si neno, utaniletea niifue. Ulisema kwa utani. Nilikata simu nikasema mtandao ni mbaya. Mtandao haukuwa mbaya.

Kila mtu hapa ananitaka nikuite. Jirani, mjomba wako, hata moyo wangu wenyewe, ambao kila ikikaribia Idd unaanza kukuwekea sahani. Ningekuwa mama wa kujipenda mwenyewe ningekuandikia kwamba mambo yametulia. Hayajatulia. Yametulia kwako wewe mwenye kovu. Kioko akitokea kesho pale njia panda watamfanyia yale yale, na kama ni hivyo basi wewe hawajakukubali, wamekuhurumia tu. Sitaki urudi nyumbani kwako ukaishi kama mgonjwa aliyesamehewa. Na sitaki uvuje damu safari nzima ili mimi nilale.

Kwa hiyo usije. Nakuja mimi.

Cherehani nimeifunika, sare za watu nimezimaliza, nyumba nimemwachia jirani. Sijapata kupita Mariakani maisha yangu yote, na baridi naiogopa kuliko hao vijana, kwa hivyo nitafutie blanketi zito na usifikirie kunipeleka kwenye mawe yako. Nimempigia Kioko. Aliuliza kama nitapika pilau. Nimemwambia aje nayo hamu yake.

Nitashuka Voi. Usinisubiri ndani ya duka wala nyuma ya gari, na usijifunge kitu cha kunifurahisha. Vaa unavyovaa siku zote, usimame mbele kabisa, mahali penye watu wengi. Nitakuita mwanangu kwa sauti, wote wasikie.

Mama yako,
anayekuja